Kwa nini FIFA 14 ilitoka PS2 isitoke Wii U? Naomba ufafanuzi kuhusu wachapishaji wa gemu kabla sijanunua mashine

Mwenye Banda (Chuno, Mtwara)

Habari za jioni, wakuu. Nina banda dogo la gemu hapa Mtwara mjini, upande wa Chuno, na ninakusudia kuongeza mashine mara malipo ya korosho ya mzee wangu yatakapoingia, kwa kuwa ameahidi kunikopesha. Kabla sijaligusa fungu hilo ningependa kuelewa jambo moja lililonitatiza kwa miaka mingi, nalo ni namna kampuni inayotengeneza konsoli inavyohusiana na kampuni nyingine zinazochapisha gemu za kuchezwa ndani yake, hasa pale kampuni hizo zinapoamua, bila hata ya kutuaga sisi tulionunua mashine, kwamba hazitatoa gemu tena.

Nieleze kilichonipata. Nilianza na PS2 mbili na televisheni mbili za chogo. Mwaka 2014, wakati kazi ya bomba la gesi imeujaza mji wetu wageni, mmoja wao aliyekuwa akimaliza mkataba aliniuzia Wii U ya Nintendo, ile yenye pedi pana iliyo na kioo katikati, pamoja na diski ya FIFA 13, kwa bei iliyonifanya nijione nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Mashine ilikuwa safi, picha yake iliizidi ya PS2 kwa mbali, na kwa wiki kadhaa vijana walipanga foleni. Kisha wakaanza kuniuliza mbona wachezaji wamekwisha kuhama timu lakini humu bado wako walikokuwa. Nikamwagiza ndugu yangu aliyekuwa Dar es Salaam anitafutie FIFA 14 ya Wii U. Akazunguka Kariakoo siku nzima, akanipigia simu jioni kunieleza kwamba kitu hicho hakipo, na si kwamba kimeisha, bali hakikutengenezwa kabisa. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba alirudi na FIFA 14 ya PS2.

Naomba mnisaidie kufikiri. PS2 ilitoka mwaka 2000, Wii U ikatoka mwishoni mwa 2012. Iweje kampuni ileile, kwa gemu ileile ya mwaka 2013, iikumbuke mashine ya zamani na kuisahau mpya? Sina ugomvi na mtu. Aliyeniuzia hakunidanganya, mimi ndiye niliyenunua bila ya kuuliza. Ninachotaka ni kujua nani huamua mambo haya, huangalia nini anapoamua, na mtu aliye huku kwetu anaweza kuona dalili gani mapema. Hivi sasa nimegawanyika kati ya PS4 zilizotumika, PS5 moja, Switch ya kwanza au Switch 2, na kila ninayemuuliza ananisifia ile anayoimiliki yeye.

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Ndugu yangu wa Chuno, swali lako lina mizizi mirefu kuliko Wii U, na nitaomba uvumilivu wako nilianzie mbali kidogo, kwa sababu asiyejua chanzo chake hudhani kwamba ni suala la urafiki na uadui baina ya kampuni.

Konsoli za mwanzo hazikuwa na wachapishaji wa nje. Aliyenunua mashine ya Atari alinunua na kaseti za Atari, basi. Mwaka 1979 waandishi wanne wa programu waliokuwa wakiiingizia Atari fedha nyingi, huku majina yao hayaonekani hata kwenye boksi la kaseti, walijitoa, wakaungana na Jim Levy aliyetoka katika biashara ya muziki, wakaanzisha Activision. Hiyo ndiyo kampuni ya kwanza kuchapisha gemu za konsoli isiyo yake. Atari ilikwenda mahakamani, na shauri likaishia kwa makubaliano mwaka 1982: Activision iendelee, lakini ilipe mrabaha. Mlango ulipokwisha kufunguliwa namna hiyo kila mwenye mtaji akaingia, hata Quaker Oats, watu wa uji wa shayiri, nao wakawa na kampuni yao ya gemu. Kufikia mwaka 1983 maduka ya Marekani yalifurika kaseti mbovu zilizouzwa kwa bei ya kutupa, na soko likaanguka.

Nintendo iliyaona hayo. Ilipoiingiza konsoli yake ya NES Marekani mwaka 1985 iliiwekea chipu ya kufuli, ili kaseti isiyoidhinishwa isifanye kazi, na kila mchapishaji aliyetaka kibali akapewa masharti: asitoe gemu zaidi ya 5 kwa mwaka, kaseti zake zitengenezwe na Nintendo yenyewe kwa oda iliyolipiwa mapema, na gemu aliyoileta asiipeleke kwenye konsoli nyingine kwa miaka 2. Konami, kwa kuona 5 hazitoshi, ikaanzisha jina la pili, Ultra Games, ikapata tano nyingine. (Ujanja wa kuwa na kadi mbili haukuanzia kwetu.)

Utaratibu tulio nao leo ulizaliwa hapo. Mwenye konsoli anaweza kuiuza mashine kwa faida ndogo, au hata kwa hasara, kwa sababu atazirudisha fedha zake kwenye makato ya kila gemu ya mtu mwingine. Sisi watu wa Kusini tunaijua vizuri lugha ya makato. Mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, mzigo ukaenda ghalani, mnada ukafanyika, na kabla fedha haijamfikia kila mwenye chake amekwisha kukata. Ichukulie konsoli kuwa ni ghala lenye mnada wake, mchapishaji ndiye mkulima, mimi na wewe ndio wanunuzi. Katika maduka ya kidijitali ya konsoli makato yaliyozoeleka ni kama asilimia 30 ya bei. Mkulima huyavumilia iwapo wanunuzi wamejaa mnadani, lakini wakipungua anaanza kuulizia njia ya ghala jingine.

Na njia ya ghala jingine imewahi kubadilisha historia. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilishikilia kaseti, ambazo kubwa kuliko zote zilibeba megabaiti 64, wakati CD moja ya PlayStation ilibeba zaidi ya 600. Juu ya hilo, kaseti iliagizwa miezi kadhaa kabla na kulipiwa kabla, na zisipouzika hasara ilikuwa ya mchapishaji, ilhali CD ilichapwa kwa gharama ndogo na kwa haraka, hata akikosea makadirio haumii sana. Square, iliyokuwa mtu wa nyumbani kabisa kwa Nintendo, ikahamia Sony na kuitoa Final Fantasy VII mwaka 1997 katika CD 3. Enix nayo ikafuata na Dragon Quest VII mwaka 2000. PlayStation iliuza mashine zaidi ya milioni 100, Nintendo 64 kama milioni 33.

Sasa nifike kwenye yako. Mwezi Juni 2011, kwenye maonyesho ya Los Angeles, mkuu wa wakati huo wa EA, kampuni inayochapisha FIFA, John Riccitiello, alipanda jukwaa la Nintendo akaahidi ushirikiano usio na mfano kwa ajili ya Wii U. Kilichofuata ni gemu 4: FIFA 13, Madden NFL 13 na Mass Effect 3 mwezi Novemba 2012, kisha Need for Speed: Most Wanted mwezi Machi 2013. Hapo mlango ukafungwa, na Konami kwa upande wake haikuileta PES, gemu yake ya mpira, hata mara moja. Ubisoft ilikuwa na Rayman Legends iliyopangwa kutoka Wii U peke yake mwezi Februari 2013. Ikaahirishwa hadi karibu na Septemba ili itoke pamoja na ile ya mashine nyingine. Katika uhai wake wote Wii U iliuza milioni 13.56. PS2 iliuza zaidi ya milioni 155. Mwaka 2013 PS2 nyingi zilikuwa bado zinachezwa katika nchi kama yetu, na injini ya gemu yake, yaani programu ya msingi inayoiendesha gemu, ilikwisha kulipiwa siku nyingi, hivyo FIFA 14 ya PS2 kwa sehemu kubwa ilikuwa ni kubadilisha majina ya wachezaji na jezi. Mchapishaji alilinganisha gharama ndogo yenye wanunuzi wengi na gharama kubwa yenye wanunuzi wachache. Wewe ungekuwa yeye ungefanya nini?

Banda la Stendi (Masasi)

Mwalimu ameeleza vizuri, na mimi sina historia ya kuongeza, ila nina miaka tisa ya kukaa kwenye benchi la banda nikihesabu sarafu, na kutoka hapo ninaona kwamba swali la kaka yangu wa Chuno ni pana kuliko mahitaji yake.

Banda halihitaji wachapishaji wote duniani. Huku kwetu, katika kila vijana kumi wanaoingia, saba au wanane wanataka mpira, mmoja au wawili wanataka kupigana, na aliyebaki amefuata kivuli. Kwa hiyo wachapishaji wanaonihusu ni EA na Konami, wengine ni wageni wa sikukuu. (Vijana wangu hadi leo wanaita FIFA, ingawa jina hilo liliishia na FIFA 23 na tangu mwaka 2023 gemu hiyo inaitwa EA Sports FC. Nimeacha kuwasahihisha.) Swali pekee ninaloliuliza kabla ya kununua mashine ni hili: je, gemu ya mpira ya mwaka huu imetoka kwenye mashine hiyo, na imetoka kamili? Kwa PS4 jibu bado ni ndiyo. FC 26 imetoka PS4, mashine iliyoingia sokoni mwezi Novemba 2013, na wateja wangu hawajalalamika.

Nakumbuka pia enzi za PS2, tulipokuwa na ile diski ya mtaani iliyotengenezwa na vijana wa hapa nchini ikiwa na Simba na Yanga ndani yake, ambayo ilijaza banda langu kuliko diski yoyote halali niliyowahi kuwa nayo. Ninalitaja hilo kwa sababu Mwalimu amezungumzia hesabu. Hesabu ya mchapishaji haikutuona sisi hata siku moja: tulicheza sana, lakini hatukununua kwake.

Jambo moja zaidi, nunua diski. Mwezi Septemba 2023 gemu za FIFA za nyuma ziliondolewa kwenye maduka ya kidijitali baada ya mkataba wa jina kwisha, na asiyekuwa ameinunua kabla hakuweza tena kuinunua humo. Diski yangu ya FIFA 23 iko kabatini na inafanya kazi.

Mwenye Banda (Chuno, Mtwara)

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Kaka wa Masasi, nimekuelewa, lakini bado nina dukuduku. Kama ni wingi wa mashine tu, mbona nasikia kwamba Wii ile ya kwanza iliuzwa kwa wingi mno na bado gemu kubwa nyingi hazikuifikia? Tena Switch 2 imepata FC 26, na mpwa wangu ananiambia safari hii wachapishaji wote wako pamoja na Nintendo. Nitajuaje kwamba hii si ahadi ya jukwaani kama ile ya mwaka 2011?

Mwandishi wa Programu (Mikindani)

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Mwalimu, kwa heshima zote. Wingi wa mashine ni nusu ya hesabu. Wii iliuza zaidi ya milioni 101, ikazipita PS3 na Xbox 360, lakini Grand Theft Auto IV haikuifikia, wala Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009. Sababu ni kwamba nguvu ya Wii ilikuwa jirani na ile ya GameCube iliyoitangulia, kwa hiyo gemu iliyojengwa kwa ajili ya wale wakubwa wawili haikuweza kuhamishwa. Ilibidi ijengwe nyingine tangu msingi. Mchapishaji hukuuliza mambo mawili kwa pamoja: una watu wangapi wanaonunua gemu za aina yangu, na nitatumia gharama gani kuifikisha kwako kazi niliyokwisha kuifanya kwa ajili ya wengine?

Mimi huandika programu, na wakati wa usiku hutengeneza gemu ndogo ndogo za kompyuta, hivyo nieleze kazi yenyewe ilivyo. Anayetaka kutoa gemu kwenye konsoli huomba kibali kwa mwenye konsoli, hutia saini mkataba wa kutunza siri, kisha hupewa au huuziwa mashine maalumu ya watengenezaji, ambayo haifanani na ile ya dukani. Gemu ikikamilika hupelekwa kukaguliwa. Wakaguzi hawaangalii kama gemu ni tamu. Wanaangalia itafanya nini pedi ikichomolewa katikati ya mchezo, nafasi ya kuhifadhi ikijaa, au intaneti ikikatika, na ikishindwa inarudishwa. Kila konsoli ina ukaguzi wake, kwa hiyo kila konsoli unayoiongeza ni mishahara ya miezi mingine. Baada ya hapo kuna masasisho, na kila sasisho lina safari yake.

Ukiijua kazi hiyo utaona kwa nini mwezi Novemba 2013 ndio uliomaliza habari ya Wii U. Mwezi huo PS4 na Xbox One zilitoka zikiwa na prosesa za AMD za jamii ileile ya kompyuta za kawaida. Ghafla mchapishaji akawa anajenga gemu moja na kuipeleka mahali patatu kwa marekebisho madogo. Wii U ilibaki na prosesa ya ukoo wa PowerPC, urithi wa GameCube ya mwaka 2001, na juu yake ile pedi yenye kioo ambayo lazima uibunie matumizi. Injini nayo ilikuwa kikwazo: watu wa EA walieleza hadharani mwaka 2013 kwamba walipoijaribu Frostbite 2, injini yao wenyewe, kwenye Wii U matokeo hayakuwaridhisha, na hawakuendelea na Frostbite 3. Injini ya nyumba isipoingia, gemu zote zinazojengwa juu yake haziingii. Wala hakuhitajika mtu wa kukaa kikaoni na kuamua kuichukia Wii U.

Switch ya mwaka 2017 ilifanya kinyume. Ilitumia chipu ya Nvidia, na injini ambazo kila mtu anazitumia, Unity na Unreal, zilikuwa tayari kwa ajili yake. Ndiyo maana Stardew Valley, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, iliifikia mwezi Oktoba mwaka huohuo, na The Witcher 3, gemu ambayo watu walicheka waliposikia itaingia humo, ikaingia mwaka 2019. Pamoja na hayo, uangalie mpira uone. FIFA 18 ya Switch ilijengwa bila ya Frostbite na bila ya ile hadithi ya mchezaji chipukizi iliyokuwa kwenye mashine nyingine. Kisha FIFA 20, 21, 22 na 23 zikaitwa Legacy Edition, ambalo ni jina la heshima la kile alichokieleza Mwalimu kuhusu FIFA 14 ya PS2: majina mapya, jezi mpya, gemu ileile. Ni mwaka 2023, kwa FC 24, ndipo mpira wa Switch ulipojengwa kwa Frostbite. Basi mashine yenye wateja zaidi ya milioni 100 ilikuwa ikipewa makombo ya mpira kwa miaka minne mfululizo, kwa kuwa waliokuwa wakiinunua walikuwa wakiinunulia Mario Kart.

Kuhusu Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, wachapishaji wameanza vizuri, hilo halina ubishi. Lakini kuna kitu kinachotuhusu sisi wa huku kuliko watu wa Tokyo. Wachapishaji kadhaa wanauza kile kinachoitwa kadi ya ufunguo: kaseti unaipata mkononi, boksi unalipata, ila gemu yenyewe haimo, na lazima uipakue yote kwa intaneti kabla ya kucheza. Wameipenda njia hiyo kwa sababu kaseti yenye nafasi kubwa ina gharama. Wengine wameingia gharama hiyo, kwa mfano Cyberpunk 2077 ambayo imo nzima ndani ya kaseti ya gigabaiti 64. Kwa hiyo ugomvi wa kaseti na CD alioutaja Mwalimu haujafa, umehamia kwenye bando lako.

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Marahaba, mwanangu wa Chuno. Na wewe wa Mikindani umenirekebisha vizuri, nakubali. Nilipima wingi wa wanunuzi nikasahau ubovu wa barabara ya kuwafikia.

Niongeze kuhusu ahadi, kwa kuwa umeuliza. Mwezi Novemba 2002 Capcom ilitangaza gemu 5 kwa ajili ya GameCube ikionekana kuwa imemchagua Nintendo kuwa mshirika wake. Moja ilifutwa. Iliyosubiriwa kuliko zote, Resident Evil 4, ilitoka GameCube mwezi Januari 2005, na kabla ya mwaka kwisha ikawa imefika PS2. Kwa hiyo mimi siiangalii orodha ya siku ya uzinduzi, kwa sababu orodha hiyo mara nyingi ni ya gemu zilizokwisha kutengenezwa kwa ajili ya wengine na zimehamishwa kupima maji. Ninaangalia mwaka wa pili na wa tatu, na hasa ninaangalia gemu zinazotoka kila mwaka, kwa sababu mchapishaji akiruka mwaka mmoja kwenye gemu ya kila mwaka, ni nadra sana arudi.

Dalili nyingine ni fedha inayotangulia. Mwenye konsoli humlipa mchapishaji mapema ili gemu yake isifike kwa mwenzake kwa muda fulani. Wa huku atasema ni kangomba, kununua korosho ingali mtini, ingawa mfano huo unachechemea, maana kwenye kangomba anayeumia ni mkulima, na hapa mkulima amelipwa vizuri, anayeumia ni mnunuzi aliye upande wa pili. Final Fantasy XVI ilitoka PS5 mwezi Juni 2023, na wenye Xbox wakaipata mwezi Juni 2025. Na wako wasiotaka kununua mavuno tu, wananunua shamba zima: mwezi Oktoba 2023 Microsoft ilikamilisha kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, baada ya kuahidi kwamba Call of Duty itaendelea kwa Sony na Nintendo kwa miaka 10. Activision ileile, waliojitoa Atari ili wasiwe mali ya mwenye konsoli.

Mwenye Banda (Chuno, Mtwara)

Nimewaelewa wote, na nimeshaamua. Nitanunua PS4 mbili zilizotumika na diski mbili za FC 26, kwa kuwa gemu ya mwaka huu imo na imo kamili. PS5 itasubiri msimu ujao, pengine wakati huo mpira wa PS4 utakuwa umeanza kuitwa Legacy Edition na nitakuwa nimepata dalili yangu. Switch 2 nimeiacha kwa sababu ya kadi za ufunguo, maana bando la kupakua gemu moja ningelitumia kulipia umeme wa wiki kadhaa. Wii U nimeipeleka nyumbani. Duka lake la kidijitali lilifungwa mwezi Machi 2023 na michezo ya mtandaoni ikazimwa mwezi Aprili 2024, lakini watoto wanacheza Mario Kart 8 kila jioni na hawana habari kwamba mashine yao imekufa.

Banda la Stendi (Masasi)

Umefanya vyema, kaka. Ukifika kwa muuzaji usilipe kabla ya kuingiza diski yako mwenyewe na kucheza dakika kumi, kwa sababu mashine nyingi zilizotumika huwaka vizuri ila msomaji wa diski amechoka. Na siku utakapoifuata PS5, hakikisha ina mlango wa diski, kwa maana zipo zisizo nao, na wauzaji wengine hukuonyesha upande mmoja tu wa boksi.